Herufi Nilizokuandikia Juu ya Nota

Mbwawa, Kibaha
Alhamisi, saa tisa alasiri

Mwanangu Namsifu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia. Uko chumbani na mama yako mnafunga begi na kulifungua tena, yeye anasema shuka mbili hazitoshi kule kwenye baridi, wewe unasema zinatosha. Mimi nipo barazani na daftari lako la zamani la hisabati, nimeligeuza nyuma kwenye kurasa zilizobaki nyeupe. Ukipita utadhani naandaa taarifa ya kwaya.

Mambo ya sabuni, neti, simu, nani wa kukaa naye na nani wa kumkwepa, mama yako ameshayasema na atayarudia mpaka basi liondoke. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na lina miaka minane.

Kesho unakwenda chuoni. Wiki ya kwanza watawawekea mbele ukurasa wa nota ambao hamjawahi kuuona, mkae kwenye piano muupige hapohapo. Ukiweza unabaki, ukishindwa unarudi nyumbani. Mwaka jana ulishindwa, na kila mtu hapa kwetu alisema ni bahati mbaya, wewe mwenyewe ukasema labda huna kipaji. Namsifu, haikuwa bahati mbaya na kipaji unacho. Aliyekufanya ushindwe ni mimi, tena nilijua ninachokifanya.

Nilidhani nikishaandika maneno hayo nitalia. Sijalia. Tangu asubuhi nipo kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaubonyeza, unajua ni wako, lakini hausemi kitu. Kwa hiyo ukiona naandika kavu kavu, usidhani ni ujeuri. Ndivyo nilivyo leo.

Nianze na mimi, maana huwezi kuelewa usipojua nilikotoka.

Kinanda nilijifunzia kwetu Upareni, kile cha kukanyaga kwa miguu. Mwalimu wa kwaya alikuwa anaandika ubaoni herufi za do re mi, pembeni anaweka nukta za mapigo, sisi tunaimba, mimi natafuta kwa vidole. Ile mistari mitano yenye vichwa vyeusi niliwahi kuiona kwenye kitabu cha mchungaji, nikadhani ni pambo. Sikudanganyi. Nilidhani wazungu wanapenda kupamba vitabu.

Kwa hiyo nilijua kupiga mahali pamoja tu. Do yangu ilikuwa kibonye kimoja cheupe, na nyimbo zote za dunia nilizipigia hapo. Tulipohamia huku Kibaha na mtaa wetu wa kanisa ukanunua kinanda cha umeme, nikakuta kuna kibonye kidogo cha kupandisha na kushusha sauti, si ukubwa wake, bali wimbo mzima uimbwe juu zaidi au chini zaidi. Unapiga palepale ulipozoea, mashine inapandisha yenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa kile kibonye kuliko nilivyomshukuru kwa kinanda chenyewe.

Halafu ikaja sikukuu ya mavuno, wewe bado uko mgongoni kwa mama yako. Nimepandisha sauti mara nne, kwaya imesimama na sare mpya, katikati ya ubeti wa pili umeme ukakatika. Ukarudi. Sasa kile kinanda kikizimika na kuwaka, kibonye kinarudi mwanzo. Sikukumbuka. Nikapiga kwa nguvu zote na kwaya ikaingia chini, chini kabisa, wanawake wakawa wananguruma. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema, na akasikika mpaka mlangoni, "Mwalimu, leo unatuimbisha tukiwa kisimani?"

Mtu anayejua kazi angehamisha vidole tu. Mimi mkono mmoja unapiga, macho yanatafuta kibonye, jasho linadondokea kwenye kinanda. Watu walicheka na mimi nikacheka nao. Nyumbani sikucheka. Siku ile niliona kwamba nusu ya ninachokijua hakimo mikononi mwangu, kimo ndani ya mashine. Unajua nilifanya nini? Badala ya kutafuta wa kunifundisha, niliwashawishi wanunue betri.

Hiyo ndiyo tabia ya baba yako, na ndiyo hiyohiyo niliyokufanyia wewe.

Kanisa halikuwa na chumba cha kufunga, kwa hiyo kinanda kikawa kinalala kwetu. Ukakua unakilalia kichwa. Ulipofika darasa la pili kwaya ilipata kitabu kipya cha nyimbo, kina ile mistari mitano tu, hakuna herufi hata moja. Mwinjilisti akanipa karatasi ya maelekezo, mstari huu ni nota gani, nafasi hii ni nota gani. Nikakaa na kitabu na karatasi ile, nota moja, naangalia, nahesabu mistari kwa ncha ya penseli, naandika juu yake d, au r, au m. Wimbo mmoja ulikuwa unanichukua jioni nzima. Nilikuandikia kitabu kizima, Namsifu. Nilifanya kwa mapenzi, na hilo naomba usilitupe hata ukitupa mengine yote.

Wewe ukazisoma zile herufi mbio kama maji. Ulipofika miaka tisa ulikuwa unapiga ibada nzima, tumekuwekea kreti ya soda chini ili miguu isining'inie. Watu wakawa wanatoka mitaa mingine kuja kumwona mtoto anayesoma nota. Nami nikawa nasimama nyuma yako, nageuza kurasa. Lakini ulichokuwa unasoma ni penseli yangu. Nota zenyewe zilikuwa chini yake na hukuwa na haja ya kuzitazama.

Ukafika miaka kumi na moja. Ikafanyika semina ya kwaya pale Kongowe, na Mwalimu Eunike akaja kutoka Kisarawe kufundisha. Unaikumbuka siku ile kwa upande wako. Ulipiga, akachukua kitabu chako akakitazama kurasa tatu nne, akatoa kingine kwenye mkoba wake, kisafi, akakuwekea. Ukaweka mikono mapajani ukanitazama mimi. Yeye akatabasamu, akakwambia, "Haya mama, piga unachokijua." Ukapiga, watu wakapiga makofi.

Hukuona kilichofuata. Aliniita nje, kwenye tangi la maji.

"Baba Namsifu, nani ameandika zile herufi?"

"Mimi, Mwalimu." Nilijisikia vizuri kusema hivyo.

"Umefanya kazi kubwa. Sasa zifute."

Nikadhani anatania. Nikamwambia mtoto atapiga nini zikifutwa.

"Hatapiga kitu," akasema. "Ndiyo maana nasema zifute sasa hivi, akiwa mdogo. Niletee Kisarawe kila Jumamosi, mwaka mmoja tu. Sitaki chochote kwako. Ila mwaka huo asipige kanisani."

"Asipige kabisa?"

"Asipige. Sikio lake lina mbio sana. Akisikia nota tatu anajua wimbo, macho yanakwenda kulala. Tukiliacha liendelee kukimbia, macho hayatalifikia tena."

Nikamwambia, "Nitamwuliza mwenyewe."

Sikukuuliza. Njiani kurudi nilikuwa nafikiria Jumapili. Nilikuwa naona nimerudi kwenye kile kiti, watu wanasikia tofauti. Kabla yako, mimi nilikuwa yule muuza mayai anayepiga kinanda. Baada yako nikawa Baba Namsifu, mpaka wachungaji wa mbali wakanijua kwa jina hilo. Na zile herufi, sikupenda zifutwe. Kusoma kwangu kote kulikuwa humo.

Siku ya tatu nilimpigia simu Mwalimu. Nilimwambia umekataa. Nilimwambia umelia, unasema unamwogopa, hutaki kwenda Kisarawe. Akasema, "Basi asilazimishwe. Muziki wa kulazimishwa si muziki."

Jioni yake wewe ulikuwa unajaza maji ya kuku, ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, yule mwalimu alisema nini?"

"Amesema nafasi zimejaa."

"Sawa, baba." Ukaendelea kujaza maji.

Ningeishia hapo ingekuwa uongo wa kawaida wa mzazi. Sikuishia hapo. Jumapili ya pili, wakati wa ushuhuda, nilisimama mbele ya ibada. Nikasema mwanangu alikuwa achukuliwe kwenda kusoma muziki kwa watu, lakini Bwana ameufunga mlango ule kwa sababu anataka amtumikie hapa nyumbani. Kina mama wakapiga vigelegele. Mwinjilisti akasema amina. Na wewe ulikuwa umekaa kwenye kinanda, ukapiga ule wimbo mdogo tunaopiga mtu akimaliza kushuhudia, ukaupiga vizuri.

Mlango niliufunga mimi, nikamsingizia Mungu. Nimeomba toba ya mengi katika maisha yangu, mwanangu, lakini hilo sikuwahi kulitaja hata nikiwa peke yangu chumbani, kama vile nisipolitaja Yeye hatalijua. Nafunga Ijumaa, nasoma Neno kila asubuhi kabla ya kulisha kuku, na katikati ya hayo yote lilikaa lile.

Ulipokuwa kidato cha kwanza uliniuliza tena, mara moja tu. "Baba, kwa yule mwalimu bado pamejaa?" Nikasema bado. Hukuuliza tena.

Ya mwaka jana unayajua kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nje. Nilikaa kwenye benchi la korido. Walikuwa wanawaita mmoja mmoja, mlango unafungwa, inasikika piano, anatoka. Ulipoingia wewe haikusikika piano. Nilisikia sauti yako ikisema kitu, nikasikia watu wakicheka kidogo, si kwa ubaya. Baadaye ukaniambia kwamba uliwaomba wakuimbie ule wimbo mara moja tu, ukiusikia utaupiga wote. Na mmoja akakujibu, "Binti, hatuna shaka na sikio lako. Hapa tunataka macho."

Tulikaa stendi saa nzima. Halafu ukasema, "Hakukuwa na herufi, baba."

Hukulalamika. Ulisema kama mtu anayesema leo hakuna mkate dukani. Mimi nikakununulia soda. Hapo ndipo huu ubaridi uliponiingia, nadhani. Nilitegemea moyo upasuke nikwambie yote palepale stendi. Haukupasuka. Nikashika chupa yangu mpaka ikapata joto.

Wiki ile ile ukaniambia, "Niulizie Mwalimu Eunike kama nafasi ipo sasa. Mwambie nipo tayari kuanza na watoto." Nikapiga simu. Yeye akauliza jambo moja, "Sasa amekubali?" Nikasema amekubali.

Ndipo Jumamosi zetu zilipoanza, mimi na wewe kwenye pikipiki, trei za mayai nyuma, tunakata njia ya vumbi kutoka Kiluvya kwenda Kisarawe. Siku ya kwanza Mwalimu alikutazama mlangoni akasema, "Umekuja kwa miguu yako safari hii, au umeletwa?" Wewe ukanitazama. Mimi nikaitazama piano. Nikaisifu, nikasema ni nzuri, kumbe ina vibonye sita visivyolia na mguu mmoja umeliwa na mchwa.

Alikuwa mkali kwako. Miezi sita mizima hakukukaribisha chai. Alikuwa anaweka saa mezani, anasema anza, saa ikifika anasema basi. Siku moja tunarudi ukaniuliza kwa nyuma, kofia imekuziba mdomo, "Baba, kwani nimemkosea nini Mwalimu?"

"Ndivyo alivyo," nikajibu.

Huo ulikuwa uongo wa tatu, au wa nne, sijui. Alikuwa hivyo kwa sababu mbele yake alikuwa amekaa mtoto aliyekataa kufundishwa bure, akampotezea miaka, sasa amerudi mtu mzima ana haraka. Ulibeba baridi ya yule mama kwa ajili yangu, na ukamheshimu.

Lakini alikufundisha, hata kwa hasira. Alikufunika mikono kwa kanga ili usiitazame. Alikuhesabisha mapigo kwa sauti. Kila Jumamosi ukurasa mpya, na ukishaupiga mara mbili anauondoa, anasema huo si wa kusoma tena, huo sasa umeuzoea. Na alipoona bado sikio lako linamzidi ujanja, kwamba akikuwekea wimbo wa kanisa unaudaka kwenye nota ya tatu na kuumaliza bila kutazama, akafanya lile jambo ambalo mimi nisingeliwaza hata ningeishi mara mbili. Akakigeuza kitabu, miguu juu kichwa chini. Nota ni zilezile na mistari ni mitano ileile, lakini wimbo umekuwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiimba. Sikio lako likakosa pa kushika. Ikabidi macho yafanye kazi.

Ulikuwa unatoa sauti mbaya, mwanangu. Mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye mkeka wa Bi Zena, jirani yake Mwalimu, yule mama mwenyeji wa Kisarawe anayebangua korosho. Akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Baba Namsifu, huo wimbo leo umeharibika kabisa."

"Wameugeuza kichwa chini, Bi Zena."

"Na wewe umekaa tu? Mtoto wa watu ateseke na wimbo uliopinduka?" Akabangua nyingine. "Juzi ulikuwa na shimo moja katikati, kila akifika anatumbukia. Leo ni mashimo, wimbo wenyewe sioni."

Na ni Bi Zena, ambaye hajui nota na anasali msikitini, aliyekuwa wa kwanza kuniambia, kwenye mwezi wa saba wa masomo hivi, "Leo hajasimama hata mara moja. Polepole kama anayevuka mto, lakini hajasimama." Nikaingia ndani. Ulikuwa umekodolea ukurasa, macho yametangulia mbele ya mikono, midomo inahesabu. Sikuwa nimewahi kukuona hivyo. Miaka yote kanisani ukipiga ulikuwa unatazama huku na huku, unacheka na wenzako. Pale ulikuwa unasoma. Na Mwalimu siku ile akasema, "Zena, tuletee chai vikombe viwili," halafu akanitazama, akasema, "vitatu."

Mimi mwenyewe nimekuwa nikijaribu. Hujui hilo. Asubuhi ukiwa umekwenda dukani naweka kitabu kisafi, nazima kile kibonye cha kupandisha, nahesabu mistari. Napiga kama mtoto wa chekechea anayesoma ba, be, bi. Nimeona jambo moja humo nikwambie. Mwalimu alikukataza kabisa kurudi nyuma kusahihisha. Ukikosea nota, iache, endelea, mapigo yasisimame. Kwa kusoma nota ni amri nzuri, na kwenye huo mtihani ishike hiyohiyo. Ila mimi niliishi nayo pasipo mahali pake. Nilikosea kwako, nikaendelea, na kwa kuwa sikusimama hakuna aliyesikia. Kuna makosa ya kuyapita na kuna ya kusimama na kurudi, na miaka yangu hamsini na mbili yote sikujua kuyatofautisha. Labda utajua mapema kuliko mimi.

Na lingine, hili dogo. Wakikuwekea ule ukurasa ukasikia sikio linakunong'oneza kwamba linaujua wimbo, usilichukie. Ni la kwako, na lilikulea wakati mimi nilikuwa nakuchelewesha. Liambie tu lingoje.

Sasa nikwambie la leo, maana ndilo lililonifanya niandike.

Asubuhi nilisema nakwenda kupeleka mayai. Nilikwenda Kisarawe. Nilipeleka trei mbili kumshukuru Mwalimu, nikamkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Nilisimama. Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto hakuwahi kukataa. Sikumwuliza. Nilikudanganya wewe kwamba hataki, nikamdanganya yeye kwamba hakuna nafasi."

Aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe kimoja, akakitupa. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa.

Akasema, "Basi mimi nimemwonea yule mtoto."

"Hapana, Mwalimu, ni mimi."

"Wewe una yako. Mimi nasema yangu. Miezi sita sikumpa chai." Akaweka ungo chini. "Alijua kwa nini?"

"Hakujua. Aliniuliza, nikamwambia ndivyo ulivyo."

Hapo ndipo aliponitazama. "Ndivyo nilivyo," akasema. Bi Zena aliuliza kutoka ng'ambo ya ua kama kuna mgonjwa, akajibiwa hapana, endelea na korosho zako.

Halafu akaniuliza, "Utamwambia wewe au mimi?"

"Mimi. Nitamwandikia."

"Mwambie kwa mdomo, Baba Namsifu. Barua ni kujificha."

Nikasema sawa. Nikarudi. Pale Kiluvya nilitia mafuta nikasahau kufunga tangi, nimefika nyumbani nanuka petroli, mama yako akaniuliza nimekuwaje, nikasema sijambo. Saa nane ulikuwa jikoni peke yako unakausha vyombo. Nikaingia nikwambie yote. Nikafungua mdomo, nikakuuliza kama umepata ndoo ya kuogea. Ukasema umepata. Nikatoka nikachukua daftari.

Kwa hiyo Mwalimu alisema kweli, barua ni kujificha. Lakini nimekataa kujificha sana. Nilikuwa na mpango wa kuichomeka katikati ya kitabu chako cha nota, uikute ukiwa umeshafika mbali, na mimi nimeshalala usingizi wangu. Nimeuacha. Mwalimu amesema kesho alfajiri atakuja stendi ya Kibaha kabla basi lako halijapita. Anataka akuombe radhi. Haitakuwa sawa yule mama, na umri wake na magoti yake, atoke Kisarawe gizani aje akuombe msamaha wa kosa langu, na wewe umesimama hujui anasema nini, mimi nipo pembeni nimeshika begi.

Nitakupa karatasi hizi leo, kabla ya chakula, mkononi. Halafu nitamwambia mama yako, naye hajui.

Ule ushuhuda nitausahihisha. Nataka nisimame Jumapili niseme mlango ule nani aliufunga. Lakini ni maisha yako nitakayokuwa nayasema mbele za watu, kwa hiyo ukisema nisisimame, sitasimama, nitaongea na mwinjilisti peke yake. Sema wewe. Nimeshakuamulia vya kutosha.

Sikuombi unisamehe leo. Una safari ndefu na mtihani, na sitaki uupitie ukiwa umebeba kazi ya kunihurumia. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki, na hasira haitakuzuia kusoma nota. Wewe na Mwalimu mmeshathibitisha hilo, yeye kwa kufundisha, wewe kwa kuvumilia. Ukitaka mama yako peke yake ndiye akusindikize stendi, nitabaki, nitakuombea hapahapa. Ila naomba ukashinde. Siombi ushinde kwa ajili yangu wala kwaya. Shinda kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na moja ukauliza swali, na jibu lake la kweli lilikuwa kwamba nafasi ipo.

Sasa nakusikia mnacheka huko ndani, begi limefungwa. Nakuja kukupa hii. Nikishakupa nitakwenda bandani kuokota mayai ya jioni, na nitaokota polepole. Isome yote kwanza. Halafu ukitaka kuja, njoo, uniambie neno lolote lile, nami sitakujibu mpaka umalize.

Aliyekulea na kukuchelewesha,
Baba yako